Sigma 150-600 au Nikon 200-500? Pesa iko tayari, nishaurini kabla ya Ijumaa

kipanga_southb (Jumatatu usiku)

Wadau, habari za jioni. Nimechoka na picha zilizolegea. Nina lenzi ya Nikon 70-300 VR (namba ni milimita, zikiwa kubwa inavuta mbali zaidi; VR ni kituliza mtikisiko), ile ya zamani, na kila nikifungua picha kwenye kompyuta nakuta mnyama yupo lakini hana makali. Manyoya yameshikana, jicho halina hata ile nukta ya mwanga. Nimejikusanyia laki moja na ishirini. Kuna jamaa anauza Sigma 150-600 Contemporary, mkono wa pili, elfu tisini na tano. Mwingine ana Nikon 200-500, laki moja na kumi na tano, na hashuki hata shilingi. Wote wako hapa mjini. Wa Sigma amenipa hadi Ijumaa, anadai kuna mteja anakuja kutoka Thika.

Nichukue ipi? Msinipe siasa, nataka jibu tu.

fundi_shata

Jibu la nini sasa? Kamera gani? Unapiga nini, wapi, saa ngapi? Unashika mkononi au unaegemeza? Umeingia duka la dawa ukasema "naumwa, nipe kitu", halafu hutaki kuulizwa unaumwa wapi.

Baba_Shiko

200-500. Tumemaliza, watu walale.

Lenzi hiyo ilitoka 2015 na mpaka leo sijaona zumu ya bei hiyo inayoishinda. Ni f/5.6 (upana wa tundu la mwanga, namba ndogo ndiyo tundu kubwa) kuanzia 200 hadi 500, haibadiliki. Sigma ikifika 600 uko f/6.3 na bado ni laini, ndio uifunge hadi f/8 ikae sawa. Mimi nikiwa f/5.6 naona unyoya mmoja mmoja. VR yake imetulia kiasi kwamba mnyama aliyesimama nampiga kwa 1/160 ya sekunde nikiwa nimeishika mkononi. Ubaya wake ni uzito, kilo 2.3. Basi fanya mazoezi.

kifaru_embakasi

Baba Shiko kila uzi ni 200-500 tu. Mtu akiuliza lenzi ya harusi utamwambia 200-500.

Kipanga, mita mia ukiwa na 500 na mita mia ukiwa na 600 si sawa. Mnyama anakuwa mkubwa kwa asilimia 20. Mimi nina Tamron 150-600 ya kwanza kabisa, sijawahi kujuta. Ukibana mfuko unaweza kuipata kwa chini ya hiyo Sigma na ubaki na pesa ya mafuta.

pete_nyekundu

Uza kila kitu uhamie Canon. 100-400 L ya pili (L ni lenzi zao za daraja la juu), na kamera ya 7D Mark II, fremu kumi kwa sekunde. Ina kilo moja na nusu hivi, na inalenga kitu kilicho chini ya mita moja, kwa hiyo asubuhi unapiga tai, mchana unapiga kipepeo, na lenzi ni ile ile. Hizo 600 zenu zinahitaji mita karibu tatu hata kuona ua.

Baba_Shiko

Kwa laki moja na ishirini? Hiyo 100-400 ya pili peke yake inameza bajeti yote, na 7D atapigia nini, macho?

pete_nyekundu

Basi achukue 400 f/5.6 L ya zamani. Haina zumu, haina kituliza mtikisiko, lakini ni kali kama wembe. Nimewaambia mara ngapi humu kwamba zumu ni kupata hiki na kukosa kile.

kipanga_southb

Asanteni kwa majibu ya haraka. Napiga wanyama na ndege. Kamera ni Nikon, kwa hiyo Canon tuiweke kando.

fundi_shata

Nikon gani, bosi?

kipanga_southb

D90.

kifaru_embakasi

Yaani D90 😂

fundi_shata

Sawa, sasa tunaongea. Msimcheke, D90 ni ya 2008 lakini picha inatoa. Tatizo ni kwamba hiyo 200-500 ni aina ya E: apacha yake, yaani lile tundu la mwanga, inafungwa kwa umeme, haina ule mkono wa chuma unaosukumwa na kamera. D90 haijui kuiongoza. Utabaki f/5.6 siku zote, ukitaka f/8 huipati. Kuanzia D7000 kwenda mbele hakuna shida, D3100 na D5000 pia, lakini D90 hapana. Kabla hujatoa laki na kumi na tano ni vizuri ujue hilo.

Na kuna jambo la pili. D90 haina sehemu ya kurekebisha otofokasi lenzi kwa lenzi. Lenzi ikilenga mbele kidogo au nyuma kidogo ya mahali unapotaka, huna pa kuisahihisha. Sigma afadhali ina kile kidude chao cha USB, unaifunga kwenye kompyuta na kuisawazisha yenyewe.

Baba_Shiko

Hilo la E nilikuwa nangoja aseme kamera. Si mnaona sasa. Lakini f/5.6 ya 200-500 ni nzuri, hata akibaki hapo hapo maisha yake yote atakuwa mbele ya Sigma.

kifaru_embakasi

Haya basi. Ameambiwa haifanyi kazi sawasawa kwenye kamera yake na bado unamsukumia.

mzee_wa_filamu

Vijana, salamu. Nimesoma kuanzia juu na sijaona mtu aliyeomba kuiona hiyo picha iliyolegea. Kijana, iweke hapa na utuambie ulivyoipiga. Lenzi inasingiziwa mengi.

kipanga_southb

Mzee, picha nzito inakataa kupanda, nitaeleza. Jumapili tuliingia Nairobi National Park na Probox ya binamu yangu. Tulikuta vifaru wawili upande wa Athi Basin, mbali kidogo, tuseme mita mia mbili, saa tano asubuhi hivi. Nilikuwa ndani ya gari, kioo nimekishusha nusu, lenzi nimeilaza juu ya kioo. 300mm, f/5.6, shata 1/320, ISO (wepesi wa sensa kushika mwanga) 200. Injini ilikuwa inawaka kwa sababu betri ya binamu ina shida, akizima tunasukuma, na pale huruhusiwi kushuka.

fundi_shata

Hapo ndipo palipo na mambo.

Tuanze na hesabu. Fremu ya D90 ina pikseli 4,288 kwa upana. Kifaru wa mita tatu na nusu, mita mia mbili kutoka kwako, kwa 300mm, anachukua kama robo ya fremu au chini kidogo. Ni pikseli elfu moja hivi, kuanzia pembe hadi mkia. Humo ndani unataka kope. Hazipo, hata lenzi ingekuwa ya milioni. Ukimkata ili ajaze picha unabaki na vipande vidogo vya mraba. Kwa 600 atakuwa na pikseli elfu mbili, na hapo utaona mikunjo ya ngozi, siku ambayo hewa imetulia.

Na hewa ndiyo kesi kubwa. Saa tano kwenye ile nyanda, ardhi imeshapata moto. Hewa iliyo karibu na nyasi ni nyepesi kuliko ya juu yake, mwanga ukipita kati ya hizo mbili unapinda, na unapinda tofauti kila sekunde. Ukitazama kwa makini kitunduni, pale unapochungulia kwenye kamera, utaona miguu ya mnyama inacheza. Picha ya namna hiyo haina dawa. Si shata ya haraka, si tripodi, si programu. Na lenzi ndefu inaikuza hiyo hewa pamoja na kifaru, kwa hiyo ukienda na 600 saa tano asubuhi utarudi na ukungu mkubwa kuliko wa kwanza. Geti linafunguliwa saa kumi na mbili. Hadi saa mbili na nusu, tatu, uko sawa. Baada ya hapo piga vilivyo karibu.

Injini sasa. 1/320 kwa 300mm kwenye sensa ndogo tayari uko pembeni mwa shimo, kwa sababu sensa hiyo inakuza mtikisiko pia, mara moja na nusu. Ongeza Probox inayonguruma, na lenzi imelala juu ya kioo cha dirisha, ambacho ndicho kinachotetemeka kuliko kitu chochote kwenye gari. ISO 200 ya nini? Peleka 800, upate 1/1250 bila kugusa kitu kingine. D90 kwa 800 haina neno.

mzee_wa_filamu

Amina. Nilipiga Safari Rally ikiwa bado ya Pasaka, nikiwa na 300 ya kuzungusha kwa mkono na slaidi za ASA 64, na tulipata picha. Tulikuwa tunasogea. Unajua kona ambayo gari litakuja nayo, unakaa hapo mapema, unalenga jiwe moja barabarani kabla gari halijafika, unangoja. Hakuna aliyekuwa na 600.

kifaru_embakasi

Shikamoo mzee. Lakini gari la rally linapita mahali linapotakiwa. Ndege karani tamba akiwa upande wa pili wa bwawa, utamwambia asogee?

mzee_wa_filamu

Marahaba. Utamngoja. Unadhani bwawani anakuja kufanya nini?

dada_shata

Jamani, kabla kipanga hajaenda kukutana na huyo wa Sigma naomba nisimulie yaliyonipata, maana hadithi ya "mteja kutoka Thika" naijua. Kwangu mteja alikuwa anatoka Nakuru.

Zumu ndefu, chapa sitaitaja kwa sababu kosa halikuwa la chapa. Muuzaji alitaka tukutane kituo cha mafuta saa kumi na mbili na nusu jioni, giza linaingia. Lenzi ilikuwa inang'aa, mfuko wake upo, vifuniko vyote viwili vipo. Nikaipachika kwenye kamera, nikapiga pampu ya mafuta, nikatazama kwenye kile kiskrini, safi. Nikatuma pesa kwa M-Pesa, tukaagana vizuri, akaniita dada yangu.

Wikendi hiyo nikaenda nayo Naivasha. Pundamilia watano wamejipanga kwa mstari, nimetulia, mwanga wa asubuhi, shata 1/1600. Nyumbani nikafungua: wawili wa kulia unahesabu michirizi hadi kwenye kwato, wa katikati hajambo, wawili wa kushoto ni kama mtu amepitisha Vaseline juu yao. Nikadhani ni kina cha fokasi, labda wale walikuwa nyuma. Nikabandika gazeti ukutani, kamera juu ya meza, nikapiga. Kulia unasoma matangazo ya vifo, kushoto husomi hata kichwa cha habari. Nikaigeuza kamera juu chini, ulegevu ukahama nao upande wa pili wa gazeti. Basi ni lenzi, kuna kioo ndani kimehama mahali pake.

Nikaitoa hudi, kile kikinga mwanga cha mbele, niikague lenzi vizuri. Kwenye ukingo wa mbele, pale filta inapofungwa, kulikuwa na sehemu nyeusi kuliko nyingine. Nikaipangusa kwa kidole, kidole kikatoka cheusi. Rangi ya viatu! Chini yake chuma kimebonyea na kukwaruzika. Lenzi ilianguka kifudifudi, mtu akaipaka rangi ya viatu na kuifunika na hudi.

Simu ya muuzaji ikawa mteja hapatikani. Nikapeleka kwa fundi mmoja hapo mjini, ghorofa ya tatu, akakaa nayo wiki tatu. Aliponirudishia, kushoto kulikuwa na nafuu na kulia kumeharibika, na kwenye bahasha ndogo kulikuwa na skrubu mbili. Nikamuuliza ni za nini, akasema "hizo zilibaki". Mpaka leo iko kabatini.

Baba_Shiko

"Hizo zilibaki" 🙆

pwani_lenzi

Pole sana dada. Asalaam aleikum jamaa wote. Mimi niko Mombasa ila huja Nairobi kila mara kwa kazi.

Aloeleza fundi kuhusu mazigazi ni kweli tupu, na huku kwetu ni balaa zaidi ukipiga majahazi kwa mbali juu ya maji. Mie naongeza jambo moja kwa kipanga: waulize wauzaji hao lenzi ilikaa wapi. Kama ilikaa pwani miaka, tazama kuvu. Ifungue apacha yote, choma tochi ya simu kwa nyuma, utazame kwa mbele ukiwa umeinamisha kidogo. Vumbi usilijali, kila zumu ina vumbi. Ukiona nyuzi nyuzi mfano wa utando wa buibui, mrudishie mwenyewe kwa adabu, uende zako.

fundi_shata

Na kutaneni mchana, mahali penye ukuta au bango lenye maandishi madogo. Nenda na kompyuta yako kama unaweza, kiskrini cha D90 kinaficha mengi. Piga kwa 600 f/6.3, halafu f/8, pembe zote nne. Halafu lenga kitu kimoja kwa otofokasi ya kawaida, ukichungulia kitunduni, ulenge kile kile tena kwa kutumia skrini. Ikiwa ya skrini ni kali na ya kawaida imelegea, lenzi na kamera hazielewani kwenye fokasi, na hilo unalijua suluhisho lake ni kile kidude cha USB. Ikiwa zote mbili zimelegea, shukuru na uondoke.

zumu_ya_mbali

Nashangaa mnavyoteseka. Nikon P1000. Zumu ya mara 125, ni sawa na 24 hadi 3000mm, kilo moja na nusu haifiki. Kifaru wa mita mia mbili unampiga puani. Hakuna lenzi ya kubadilisha, hakuna vumbi.

Baba_Shiko

Sensa yake ni ukucha wa kidole kidogo, na ikifika mwisho uko f/8. Jioni kidogo tu picha inakuwa uji.

zumu_ya_mbali

Mimi nimepiga mwezi nikaona mashimo. Wewe na 200-500 yako umeona nini?

Baba_Shiko

Mwezi hauruki.

kifaru_embakasi

Turudi kwenye Sigma jamani. Swali kwa fundi: VR au OS (ndiyo VR ya Sigma), ukiwa umeegemeza garini, unazima au unawasha? Mimi huzima kila kitu nikipita 1/1000. Naona inaniharibia.

fundi_shata

Kwenye tripodi imara nazima. Garini, injini imezimwa lakini kuna watu ndani wanapumua na kujikuna, naiacha. Ukipita 1/1000 haikusaidii sana kwenye picha yenyewe, ila inatuliza unachokiona kitunduni, kwa hiyo kituo cha fokasi kinabaki kwenye jicho. Muhimu ni kuipa muda: bonyeza nusu, ingoje ishike, ndipo upige. Watu hubonyeza mpaka chini kwa pigo moja halafu wanalaumu kiwanda.

Baba_Shiko

Mimi naiacha siku zote na hainiharibii chochote. Hayo ya kuzima mlisoma kwenye mtandao.

kifaru_embakasi

Na wewe uko wapi sasa hivi, sokoni?

dada_shata

😂😂

fundi_shata

Kuhusu jicho. Watu wanadhani picha nzima imelegea, kumbe fokasi imekaa mahali pengine. Kipanga, kabla hujanunua kitu nenda mzunguko wa Nyayo Stadium, wale korongo wa marabou wako juu ya miti mwaka mzima, ni wakubwa, hawana haraka, na hakuna tiketi. Kwa 600 f/6.3 ukiwa mita kumi kutoka kwa ndege, sehemu iliyo ndani ya fokasi ni kama sentimita saba tu, mbele hadi nyuma. Mdomo wa marabou ni mrefu kuliko hapo. Ukimwachia kamera ichague kituo yenyewe, italenga ncha ya mdomo kwa sababu iko karibu, na jicho litakuwa limeshapita. Weka kituo kimoja cha katikati, ukiweke juu ya jicho. D90 ina vituo kumi na moja na cha katikati ndicho chenye nguvu, vingine kwa lenzi ya f/6.3 vinababaika.

Ila angalia unaposimama chini ya ile miti.

pete_nyekundu

Na simu yako uiangalie pia pale mzungukoni.

kipanga_southb

Sasa mmenichanganya kabisa. Kwa hiyo shida ni hewa, ni Probox, ni D90, au ni lenzi?

fundi_shata

Ndiyo.

mzee_wa_filamu

Usinunue kitu mwezi huu. Nenda Jumapili saa kumi na mbili asubuhi na hiyo hiyo 70-300, ibaki 200 hadi 250, kwa sababu ile ya zamani ikifika 300 inalegea kweli, kila aliyewahi kuwa nayo anajua. Ifunge f/8. Mwambie binamu anunue betri.

kifaru_embakasi

Mzee, kwa f/8 saa kumi na mbili asubuhi, mawingu ya Julai haya, atapiga na ISO ngapi? D90 ikifika 1600 inaanza kulia, picha inajaa chembe.

mzee_wa_filamu

Kelele kidogo kwenye picha haijaua mtu. Picha yenye chembe na jicho kali inauzika, picha laini isiyo na chembe haina mnunuzi. Na hayo mawingu unayoyalaumu ndiyo yanayopoza ardhi. Julai hata saa nne hewa bado imetulia. Mimi picha zangu nzuri za mbali nyingi ni za Julai na Agosti.

Baba_Shiko

Mimi ningesema hivi: auze D90, aongeze kidogo, achukue D7200 iliyotumika. Pikseli milioni 24, ina marekebisho ya otofokasi, ISO 3200 bila kulia. Abaki na 70-300 yake kwa sasa. Halafu mwakani, mkitaka msitake, 200-500.

kifaru_embakasi

Kwa mara ya kwanza nakubaliana na nusu ya maneno yako.

pwani_lenzi

Kwa nini asikodi kwanza? Nairobi wako watu wanaokodisha zumu hizi kwa siku. Akachukue Sigma Jumamosi, airudishe Jumapili jioni, aone mwenyewe kama mkono wake unaibeba. Kilo mbili si mchezo ukiwa umeinua dakika kumi ukimngoja mdiria aruke.

dada_shata

Wengi wanataka amana au mtu wa kukudhamini. Lakini ni wazo zuri.

Halafu kipanga, achana na kioo cha dirisha. Shona mfuko wa turubai au chukua suruali kuukuu ya jinzi, kata mguu, shona chini, jaza maharage, funga. Unaukalisha juu ya mlango kioo kikiwa kimeshuka chote, lenzi inazama ndani yake. Mimi nimepiga kwa 1/250 nikiwa na 500 na picha ikatoka safi.

Baba_Shiko

Maharage? Mchele. Maharage yana mapengo, lenzi inateleza.

kifaru_embakasi

Mchele ni mzito bure na ukinyeshewa umeisha. Mimi natumia njahi. Ni ndogo, ngumu, zinajipanga vizuri.

Baba_Shiko

Njahi bei yake umeiona? Unaweka chakula cha harusi chini ya lenzi.

dada_shata

Mimi ya kwanza niliweka maharage ya nyayo, baada ya miezi michache nikasikia kitu kinatembea ndani. Fukusi. Gari zima lilikuwa na unga. Sasa naweka majani ya mwarobaini ndani yake.

mzee_wa_filamu

Tulitumia mchanga.

pete_nyekundu

Mchanga ndani ya gari lenye lenzi ya L? Mzee, heshima yako lakini hapana.

pwani_lenzi

Mbaazi kavu. Jaribuni mtanikumbuka.

kipanga_southb (Alhamisi mchana)

Jamaa wa Sigma amepiga simu. Anasema yule wa Thika ametuma elfu kumi ya kuishikilia, lakini mimi nikifika leo na zote tisini na tano ananipa. Anataka tukutane saa kumi na mbili na nusu jioni.

dada_shata

Kituo cha mafuta?

kipanga_southb

Amesema supamaketi, kwenye maegesho ya chini.

dada_shata

Maegesho ya chini hayana hata dirisha.

fundi_shata

Mwambie kesho saa sita mchana, nje, na unakuja na kompyuta. Akikataa umejibiwa. Hudi itolewe mbele yako.

Baba_Shiko

Mimi nina mtu wa D7200, shata imepiga elfu thelathini hivi, niandikie pembeni.

kifaru_embakasi

Kumbe ndio maana.

Baba_Shiko

Ni ya shemeji yangu! Sipati hata senti.

kipanga_southb

Nimemwambia kesho mchana. Amesema atanijulisha. Huyo wa D7200 anataka ngapi?

mpya_wa_rongai

Samahani kuingilia wakubwa zangu. Nina Canon 2000D na ile lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo. Je, hiyo Nikon 200-500 kuna kiunganishi niipachike kwangu? Na mbaazi kavu zinapatikana Nyamakima?

fundi_shata

Kiunganishi cha chuma kipo, lakini otofokasi itakufa na utabaki f/5.6. Fungua uzi wako, useme unapiga nini na una pesa ngapi.

pwani_lenzi

Nyamakima zipo tele. Omba ndogo ndogo.